Agnetha kwenye Tovuti ya Jamali

Kahangwa alipoanza kutengeneza tovuti pale Rwamishenye, hakuwa na picha za kuweka ila za mkewe, Agnetha. Tovuti ya gesti, Agnetha anacheka. Ya chama cha kahawa Ijumbi, Agnetha anacheka na kikapu kichwani. Sasa Agnetha ni marehemu, tovuti zile zimezimwa, na viongozi wa chama wamempa kijana Jamali kazi ya kutengeneza mpya, eti ana cheti.

Kahangwa aliifungua tovuti hiyo ya chama kwenye simu, roho ikamuuma. Ilikuwa nzuri kuliko yake, na Agnetha bado yumo. Akampigia Jamali.

“Kazi mmenipora, na mke pia? Mtoe!”

“Nikimtoa, mzee wangu, hatabaki popote mtandaoni.”

Kahangwa aliitazama tena ile picha. “Basi muache. Ila hilo jina lako ulilobandika chini ya picha yake, lifute.”