Fundi Yumo?

Kiwandani kwetu sabuni ilichanganyiwa ndani ya pipa la chuma lenye mapanga, lililozama nusu sakafuni, refu kiasi cha mtu mzima kusimama ndani bila kuinama. Sabuni ilipogandamana kwenye mapanga, mtu aliingia na patasi akaikwangua. Kwa hiyo kabla ya kuwasha, mshika swichi aliinamia mdomo wa pipa akaita mara tatu: "Fundi yumo?" Aliyekuwa ndani akijibu "Yumo," kazi ilingoja. Sheria hiyo haikuandikwa popote, na ilitulinda kuliko zote zilizoandikwa.

Aliyekuwa akiingia humo tulimwita Patasi. Mshika swichi alikuwa shemeji yake, amemwoa dada yake, na utani wao haukuwa na mwisho.

"Shemeji, siku ukinisaga, utamwambia nini dada yangu?"

"Nitamwambia umepungua. Si analalamika ukija kwetu unakomba sufuria?"

Tulicheka. Kicheko hicho ninacho hadi leo.

Kisha akaja meneja mpya, akabandika tangazo mlangoni: neno fundi litumike kwa mwenye cheti peke yake, wengine wote ni wasaidizi, na atakayekiuka atafute kazi kwingine. Mwenye cheti alikuwa mmoja, bwana mpole mwenye miwani. Simlaumu, hakuliomba tangazo.

Wengi walisema neno halijazi tumbo, mwacheni nalo. Ndivyo wanavyoanza hawa wakubwa. Hawakukati mkono, wanakunyang'anya kwanza jina la kazi ya mkono. Mtu akivunjikiwa na kitanda hasemi kaniitie mwenye cheti. Husema kaniitie fundi, na mtaa mzima unajua mlango wa kubisha. Neno hilo hutolewa na wenye vitu vilivyoharibika. Meneja vyake vikiharibika hutengenezwa yeye akiwa hayupo, angejuaje?

Siku ile, baada ya chakula cha mchana, Patasi alikuwa ndani ya pipa. Mshika swichi hakumwona akiingia. Alimwona mwenye cheti amesimama kando yake, anafuta miwani. Kwa mujibu wa tangazo, fundi ni huyo, na huyo yuko nje mbele ya macho yake. Sasa amwite nani? Na meneja alikuwa dirishani, anatazama.

Akabonyeza bila kuita.

Meneja alisema ni ajali ya msaidizi. Tulimzika Patasi, pipa likaoshwa, likakaa kimya. Lakini kila mshika swichi aliposogeza kidole, sauti ilitoka ndani, ya chini, kama ya mtu aliyeegemeza mdomo kwenye chuma: "Yumo."

Wapo waliosema ni chuma kinapoa. Chuma kisichowashwa kinapoa nini?

Nyumbani, dada yake Patasi hakumwuliza mumewe kitu. Alimpakulia chakula, akapakua na sahani ya pili, akaifunika, akaenda kulala. Angemtukana ingekuwa nafuu.

Siku ya kazi iliyofuata meneja akashuka mwenyewe.

"Bonyeza, au vua ovaroli."

"Yumo, bosi."

Meneja akawasha tochi, akaingiza kichwa pipani. "Hamna mtu humu."

"Huyo hujibu akiitwa."

"Basi mwite."

"Mimi sikumwita alipokuwa hai, nitamwita kwa uso gani? Wewe ndiye uliyemfuta. Mwite wewe."

Mashine nyingine zilikuwa zimezimwa, sijui na nani. Mwenye cheti alivua kofia yake. Meneja alitaka kucheka, akatutazama, hakupata mwenzake wa kucheka naye.

"Kuna mtu?" aliita, kichwa amekiingiza tena ndani.

Kimya.

"Msaidizi?"

Kimya. Hapo nadhani ndipo alipotambua kichwa chake kiko wapi, na kidole cha shemeji wa marehemu kiko wapi. Nikaona shingo yake imelowa jasho. Mshika swichi hakumtisha kwa neno hata moja. Alikuwa akilia tu, kidole kiko juu ya kitufe.

"Fundi," meneja alisema, kwa sauti ambayo hatukuwahi kuisikia kwake. "Fundi yumo?"

Sisi tuliokuwa nje hatukusikia jibu. Yeye alisikia. Alijitoa pipani taratibu kama mtu anayemwondokea mgonjwa, akaenda mlangoni na kubandua tangazo kwa kucha zake.

Mshika swichi akaondoa kidole, akaketi sakafuni. Siku hiyo hakuna aliyewasha kitu.

Sasa pipa linafanya kazi. Mshika swichi anaita mara tatu, kisha anangoja. Anangoja kupita kiasi, sabuni inaganda, na hakuna anayethubutu kumharakisha. Nyumbani kwake sahani ya pili bado inafunikwa.