Muhindo wa Kwanza kwenye Orodha

Saa nane na dakika kumi mchana, mshale kwenye skrini ya Kule ulianza kusogea bila mkono wa mtu. Kule alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake, kikombe cha chai mkononi. Mshale ulikwenda kwenye kisanduku cha kutafutia, herufi zikajiandika, orodha ikashuka, jina likachaguliwa, kitufe cha Thibitisha kikabonyezwa. Kisha ukarudi mwanzo.

"Hicho kipanya chako kina mapepo," alisema Evas, mkuu wa ofisi, kutoka meza ya pili.

"Mapepo hayaombi likizo, madamu."

"Na wewe unayekunywa chai ukiyatazama yakifanya kazi?"

"Mimi ndiye mchungaji wao."

Ofisi hiyo ya Kasese, magharibi mwa Uganda, ilipanga safari za wakimbizi waliovuka kutoka Kongo na kupokelewa katika kituo cha Bwera, karibu na mpaka. Siku hiyo mabasi mawili yaliwasubiri huko Bwera. Moja lilikuwa la kambi ya mashariki, na lingepitia Kasese. La pili lilikuwa la kambi ya kusini. Yangeongozana hadi njia panda ya Kikorongo, kisha la mashariki likunje kushoto na la kusini kulia.

Programu waliyopewa ilipokea msafiri mmoja mmoja, na haikuwa na njia ya kuingiza orodha nzima kwa pamoja. Kwa hiyo Kule alikuwa ameandika skripti, mistari michache ya maagizo iliyosogeza mshale na kubonyeza vitufe kama mkono ungefanya. Iliandika jina, ikangoja sekunde mbili orodha ichujwe, ikachagua jina la juu kabisa, ikathibitisha. Programu haikuweza kujua kama aliyebonyeza alikuwa mtu.

Kwenye benchi karibu na mlango alikaa Anastasie, mwanamke wa Beni huko Kongo, pamoja na binti yake Alliance, aliyetoka hospitali asubuhi hiyo akiwa na plasta mguuni. Walikuwa wakingoja basi la mashariki, na familia yao ingethibitishwa mwisho kabisa. Ndani ya basi hilo angekuwemo mtoto wake wa pili, Muhindo, wa miaka saba, aliyebaki kituoni Bwera wakati dada yake akitibiwa. Walipokimbia Beni, Muhindo alipotezana nao njiani, na Anastasie alimpata baada ya miezi minne, kwa mwanamke asiyemjua. Tangu hapo hakuwa amemwacha hadi daktari alipomlazimisha akae hospitalini na Alliance.

"Papa, bus itafika saa ngapi?" Anastasie aliuliza.

"Kabla ya saa kumi na moja, mama. Likishatoka Bwera nitakuambia."

"Muhindo iko na sweta ya kijani. Ukimuona mbele yangu, umuambie nakuja."

"Atakuona wewe kwanza, mama."

Skripti ilikuwa imefika kwenye kundi la watoto wa kusini waliosafiri bila wazazi. Katika kundi hilo walikuwemo akina Muhindo watatu. Hilo halikumshangaza Kule, Mkonzo mzaliwa wa Mahango, hapo hapo Kasese. Kwa Wakonzo, na kwa ndugu zao Wanande wa upande wa pili wa mpaka, mtoto hupewa jina kwa zamu yake ya kuzaliwa, na Muhindo ni yule anayekuja baada ya jinsia kubadilika. Alliance alikuwa msichana, akafuata mvulana, basi mvulana huyo alikuwa Muhindo. Ndiyo maana Kule aliiagiza skripti iandike jina la ubatizo pia. Aliijaribu kwa wiki nzima, na haikukosea hata mara moja.

Mtandao ulikuwa mwepesi wiki hiyo nzima. Sasa ukazorota.

Skripti iliandika jina la mwisho la kundi hilo, Muhindo Désiré. Orodha ilishuka, lakini haikuchujwa. Sekunde mbili zikapita. Kwenye skrini walikuwa bado wamepangwa akina Muhindo wote wa kituo, na wa juu kabisa alikuwa Muhindo Aimé, miaka saba, mama Anastasie.

Kule aliona. Alibonyeza F8, kitufe alichokiweka cha kusimamisha. Lakini skripti ilikikagua kitufe hicho mara moja tu, kila ilipomaliza jina. Alikuwa ameamua hivyo kwa makusudi, ili msafiri yeyote asiachwe nusu. Alishika kipanya, lakini hakikuitika. Alikuwa amekifunga wakati wa kazi kwa sababu juzi Evas alipangusa vumbi mezani akakisukuma. Alichomoa waya wa mtandao.

Neno la kijani lilikuwa tayari limeandikwa: Imethibitishwa. Basi la kusini.

Skripti ilikagua F8, ikasimama.

"Nini?" Evas aliuliza.

"Imemchukua mtoto wa huyu mama."

Kule alisema kwa Kikonzo, lugha ambayo Anastasie aliielewa bila shida. Anastasie aliinuka kwenye benchi.

Aliyethibitishwa hakuweza kurudishwa kutoka Kasese. Kibali cha kufuta kilitolewa Kampala tu. Evas aliandika ombi, kisha akapiga simu. Mwenye kibali alikuwa mkutanoni. Ombi lilijibiwa kwamba limepokelewa.

Kule alimpigia Blasio, msimamizi wa kituo cha Bwera. Simu iliita hadi ikakatika. Akapiga tena, ikaita tena. Mashine ya kituo ilikuwa ikitoa karatasi za safari kila jina lilipothibitishwa, na Blasio alikuwa uwanjani akizigawa kwa kuita majina.

"Mutoto yangu iko mu bus gani?" Anastasie aliuliza.

"Kwenye karatasi, ya kusini."

"Nani alimutuma kusini?"

"Mashine, mama."

"Mashine iko ya nani?"

"Yangu."

Alliance alimvuta mama yake kwa kitenge akae, naye hakukaa.

Blasio alipopokea, nyuma yake hakukuwa na sauti ya watu.

"Mzee, simu ilikuwa kwenye chaji. Mabasi yameondoka sasa hivi, yote mawili."

"Muhindo wa sweta ya kijani amepanda basi gani?"

"Kusini. Kiti cha mbele, nyuma ya dereva."

"Ulimuuliza?"

"Sasa nisimuulize? Nilisema, wewe ni Muhindo? Akasema ndiyo. Nikasema, Muhindo wa kusini? Akasema ndiyo tena. Mtoto ukimuonyesha basi, atakataa?"

"Na Désiré?"

"Huyo hakuwa na karatasi. Nimebaki naye hapa, analia."

Kule aliomba namba ya dereva. Blasio akampa. Sauti ya mtandao ikajibu kwamba mteja hapatikani. Namba ya askari aliyesindikiza msafara kwa pikapu ikajibu hivyo hivyo. Sehemu ya barabara hiyo inakata mbuga, na mawimbi ya simu humo ni ya kubahatisha.

"Atapatikana," Evas alimwambia Anastasie. "Kusini pia kuna ofisi yetu. Tutaandika, watamrudisha."

"Mutoto mwengine mulimuandikia hivi, alirudishwa kisha siku ngapi?"

Evas alivuta kibodi, akaanza kuiandikia ofisi ya kusini. Mtoto waliyewahi kumwombea hivyo alikuwa bado hajarudishwa.

Kule alimpigia binamu yake, Tonny, aliyeuza chapati kwenye njia panda ya Kikorongo.

"Tonny, kuna mabasi mawili yanakuja na pikapu ya polisi. La pili, lisimamishe."

"Nisimamishe msafara wa polisi? Na nini, na chapati?"

"Na chochote. Sifanyi mzaha."

"Sawa, kaka. Sawa."

Walingoja. Kule aliweka simu mezani, sauti ikiwa wazi. Kulisikika malori, mwanamke aliyetangaza samaki, kisha honi ndefu.

"Kaka." Tonny alikuwa akihema. "Nimesimama katikati ya lami. Pikapu imenijia, nimeruka. Afande ameniita mjinga. Basi la kwanza limepita. La pili limepita."

"Halikusimama?"

"Halikupunguza hata mwendo. Nimepunga mikono yote miwili. Watoto walikuwa madirishani, nao wakanipungia. Walidhani nawaaga."

Anastasie aliinama juu ya simu.

"Papa, nyuma ya dereva, uliona sweta ya kijani?"

"Mama, kulikuwa na mtoto. Sweta sikuiona. Kioo kiling'aa."

"Bus ilikata wapi?"

"La kwanza kushoto, linakuja kwenu. La pili limekata kulia. Bado naliona. Limepita lori la ndizi. Sasa silioni tena."