Pande la Nne

Uligeuza uso. Usiniambie hukuona: jukwaa lilikuwa katikati ya uwanja wa kijiji, nawe umekaa chini ya turubai lake, mvua haikugusi, unatazama kucha zako. Basi sikiliza ulichokataa kukitazama.

Asubuhi ile Mwajuma alipiga magoti ndani ya mashua ya kijiji, kule nyuma kwenye tezi, akipima kwa mkono: dhiraa nne ubavu huu, nne ule, mbili nyuma, mbili mbele. Mapande manne ya turubai, ya kufungwa kwa kamba kuzunguka mahali anapokaa nahodha na mgonjwa wake, ili mawimbi ya mdomo wa mto Ruvuma yasiwamwagikie.

Mgonjwa alikuwa Somoe, mwanawe wa pekee. Uchungu ulimshika tangu jana, mkunga akasema huyu si wangu tena, huyu wa hospitali Mtwara. Barabara ya Madimba masika yameikata. Lori la mwisho lilizama hadi vioo. Ikabaki bahari. Na bahari hiyo, mwezi uliotangulia, ilimlowesha mke wa Rashidi kwenye tezi iliyo wazi hadi akafika bandarini anatetemeka, hana nguvu ya kusukuma. Alirudi ndani ya sanda.

Ndipo wanawake wakadai turubai, likaletwa jora zima. Na Katibu wa kijiji, Gaudensi, akalitandaza juu ya jukwaa, kumkinga mgeni wa kutoka wilayani. Hujasahau, najua. Hata mabati ya zahanati yaliishia juu ya ofisi.

"Maji yatajaa saa nane," alisema nahodha Selemani. "Yakianza kupwa hatujatoka, tunakaa kwenye matope ya mikoko mpaka kesho."

"Kesho hana," alisema Mwajuma.

Gaudensi akaja na magunia meusi yanayong'aa, amewabebesha wengine. "Haya hapa badala ya turubai, Bi Mwajuma. Nimeyapaka mafuta ya maganda ya korosho. Maji hayapiti! Si hata wavuvi wanapaka vyombo vyao?"

"Wavuvi wanapaka mbao, Ndugu Katibu. Mbao haina ngozi." Akamfunulia viganja, vyenye mabaka ya miaka ya kubangua korosho. "Haya mabichi yanababua. Wewe umetoka Songea juzi, sikulaumu kwa kutojua. Sasa umejua. Mwanangu aegemee gunia hili?"

"Mgeni anaweza kufika wakati wowote."

"Kwa barabara ipi? Labda aote mabawa."

Mtu mmoja akacheka, kisha akajitia kukohoa.

Mwajuma akachukua mkasi, akapanda uwanjani mpaka kwenye jukwaa, akapanda benchi, akakata. Viti vya mgeni vikaanza kulowa.

"Hiyo mali ya umma!" Gaudensi alifoka.

"Na Somoe ni mali ya nani?"

Pande la kwanza likaanguka, la pili, la tatu. Kwa la nne Gaudensi alining'inia kwenye pembe kwa mikono miwili. "Jamani," Mwajuma aliwaambia waliokaa chini, "mmoja tu anishikie upande huu nivute." Walikuwa watu thelathini, nawe ukiwemo. Hakuinuka hata mmoja. Akatazama jua lililochungulia kati ya mawingu, saa nane imekaribia, akaliacha pande la nne, akakimbia na matatu.

Magreth, mke wa mwalimu, alitoboa matundu ya kamba kwa msumari wa moto. Mwajuma alishika shazia, sindano nene ya kushonea matanga, na uzi wa nyavu uliopakwa nta, akakunja pindo mara mbili, maana la mkunjo mmoja upepo unalichana. Chini akaacha upenyo wa vidole vinne, maji yakiingia yapate pa kutokea. Shazia ilimchoma, damu ikaingia kwenye pindo, hakusimama kujifuta.

"Mama Somoe, maji yamesimama!" Selemani aliita. "Yanageuka!"

Wakafunga la mbele, la nyuma, na la ubavu wa kusi. Somoe akalazwa. Ubavu mmoja ulikuwa wazi. Mwajuma akaingia akakaa palepale penye uwazi, uso kwa mwanawe, mgongo baharini.

Njia nzima kila wimbi lililopanda lilimpiga yeye.

Somoe alijifungua salama. Mwajuma amelala Rahaleo, kulekule Mtwara, kwa ndugu zake, mapafu yake yanalia kama mvukuto, na daktari hapendi kuulizwa. Mgeni hakuja. Pande la nne limekunjwa ofisini, chini ya viti vyake.

Ijumaa mashua inatoka tena, na mke wa Erasto, naye karibu kujifungua, ndiye atakayelazwa kwenye tezi. Mlango wa ofisi unaujua, haufungwi kwa ufunguo. Shazia ya Mwajuma nimeiacha kwa Magreth. Inuka ulipokaa. Kalitoe pande hilo.