Timu Iliyobaki Ndani

Mama Kipa alikuwa akianika jezi nyuma ya uwanja wakati kocha mpya alipokata kamba iliyozuia mlango wa chumba cha wachezaji usijifunge. Chumba chenyewe kilikuwa ghala la zamani la kiwanda cha nguo, na kila mtu klabuni alijua kwamba mlango wake haufungwi watu wakiwa ndani. Sababu hakuna aliyeikumbuka. Walisema ni kwa ajili ya hewa.

Kocha alisema timu inayoshika mkia haihitaji hewa. Akawafungia vijana kwa nje kwa komeo, wakae humo waifikirie aibu yao hadi mechi ianze.

Alipofungua, walitoka wanaume kumi na mmoja wengine. Walivaa jezi zilezile, ila walinuka moshi na hawakuwa na nyusi. Mwamuzi alihesabu watu, sura hazikumhusu. Walishinda mabao manne kwa bila, na mashabiki walilalamika tu kwamba wachezaji wapya hawapungi mkono. Baada ya mechi wakaingia ndani, mlango ukafungwa, na ulipofunguliwa tena wakatoka vijana wenyewe wakikohoa. Mtoto wa Mama Kipa, aliyekuwa golikipa, alisema kulikuwa na joto na kwamba waligonga sana.

Tangu hapo komeo likawa sehemu ya mazoezi, na timu ikapanda. Mama Kipa hakuwa mtu wa kufuatilia ligi, lakini sasa aliutazama msimamo kama mgonjwa anayesubiri majibu ya vipimo, kwa sababu kadiri timu ilivyopanda ndivyo wale wengine walivyokawia kuingia ndani, na vijana walivyochelewa kurudi. Timu ilipokuwa ya nane, walirudi jioni. Ilipokuwa ya tano, walirudi kesho yake. Ilipofika nafasi ya pili, mwanawe alikaa humo karibu wiki nzima na akarudi bila nyusi.

Siku moja alipokuwa akikusanya jezi chafu, alimwendea yule kipa mwingine. Kwa sura alikuwa rika la mwanawe, lakini kwa ule moshi Mama Kipa alijua kwamba ni mfu, aliyekufa kabla yeye hajazaliwa, kwa hiyo akampa shikamoo yake.

"Marahaba, mwanangu."

"Mnataka nini kwa watoto wetu?"

"Klabu iseme nani alitufungia, basi. Tuligoma kazi, tukitaka kupumzika kidogo. Mwenye kiwanda akapiga komeo, moto ukatukuta humo humo. Mwaka uliofuata akaanzisha klabu, watu wapate la kuzungumza. Wakisema, tutalala."

Mwenyekiti wa klabu alikuwa mjukuu wa mwenye kiwanda. Ukutani mwa ofisi yake, historia ya klabu ilieleza kwamba babu aliianzisha kwa mapenzi yake kwa wafanyakazi. Alimsikiliza Mama Kipa hadi mwisho.

"Mama, hayo nayajua tangu utotoni," alisema. "Lakini imebaki mechi moja. Nikisema leo, hao wakalala, nani atatuchezea?"

Nyumbani, Mama Kipa alisimama mlangoni kwa mwili wake wote. "Huendi. Niue kwanza ndiyo upite."

"Mama, nisipoingia nitakuwa nimewakimbia wenzangu," mwanawe alisema. "Mle ndani huwa tunashikana mikono."

Akamsogeza mama yake polepole, akaenda.

Timu ikachukua ubingwa. Mwenyekiti alishika kipaza sauti akamshukuru babu yake kwa moyo wake wa huruma. Wale kumi na mmoja walimsikiliza kwa makini mpaka alipomaliza, kisha wakapanda naye lori la kuzungusha kombe mitaani. Hakuna aliyerudi chumbani.

Mama Kipa alikimbilia kule, akafungua mlango. Mabenchi matupu. Akafunga, akasubiri, akafungua. Matupu. Alipofunga tena akasikia kugonga, akaweka kiganja kwenye ubao, na ubao ulikuwa wa moto.

"Mama?" Ilikuwa sauti ya mwanawe. "Tumekuwa wa ngapi?"

"Wa kwanza, mwanangu."

Ndani walishangilia kidogo. Kisha wakaanza tena kugonga.