Waya wa Maternite

Symphorien aliweka gitaa lake la besi juu ya meza ya Papa Banza, kati ya pasi iliyofunguliwa na feni isiyo na mapanga, akasema mikro imekufa. Mikro ni ile sumaku iliyozungushiwa waya, inayokaa chini ya nyuzi na kunasa sauti zake. Unyevu wa ziwa na jasho la mpigaji vilikuwa vimeila mpaka besi ikawa inakohoa tu. Papa Banza, ambaye kazi yake ilikuwa kuzungusha upya waya za mota karibu na gare ya treni ya Kalemie, aliipuliza vumbi, akatikisa kichwa.

"Niko na mbili," alisema. "Sikiliza kwanza, kisha chagua."

Sherehe ya Chama ilikuwa Jumamosi, na orchestre ya Symphorien ilitakiwa kupiga katika ua wa Komisere, mtawala wa mji. Mwanamuziki aliyekosekana siku kama ile aliulizwa sababu, na waliouliza walikuja na fimbo.

Mikro ya kwanza ilikuwa imevuka ziwa kutoka Kigoma, mpya, bado ndani ya karatasi yake. Papa Banza aliifunga, akawasha ampli kwa betri ya lori, Symphorien akapiga. Sauti ikatoka nyembamba kama mbu. Ya pili Papa Banza alikuwa ameizungusha mwenyewe, kwa waya wa kopre, ile shaba nyekundu, mwembamba kama unywele, alioutoa katika reguleta iliyoungua, kile kifaa kinachosawazisha umeme wa jenereta. Symphorien akapiga nota moja na spana zikalia ukutani. Wakati huohuo, juu ya kilima, balbu za maternite, hospitali ya kuzalia, ziliwaka. Alipoziba nyuzi kwa kiganja, balbu zikazimika. Alipopiga tena, zikawaka tena.

"Ni normal," alisema Papa Banza. "Waya yenyewe ni ya kule."

Jenereta ya maternite ilikuwa nyuma ya jiko la Komisere, na mtaa mzima ulijua, maana mtaa mzima ndio ulioibeba. Ilikuwa asubuhi ya salongo, kazi ya lazima ya mtaa. Badala ya kufagia mifereji, watu waliambiwa walete kamba, wakaishusha kilimani wakiimba wimbo wa Chama. Eti inakwenda kutengenezwa. Ikatengenezwa kweli, ikawasha friji za Komisere mpaka reguleta ikaungua, mlinzi wake akaileta kwa Papa Banza kununua nyingine. Ile ya zamani ikabaki mezani.

Tangu siku hiyo, umeme wa mji ulipokatika jioni, na ulikatika kila jioni, wanawake walizaa kwa mshumaa waliokuja nao wenyewe. Domitille, mke wa Symphorien, alikwenda na wake. Ukaisha kabla ya mtoto. Mama Odile, mkunga, alitafuta kwa kupapasa kamba ya kitovu iliyomzunguka mtoto shingoni, na alipoipata alikuwa amechelewa. Sasa Domitille alikuwa na mimba nyingine, na mwezi wake ulikuwa umetimia.

"Wezi!" alisema Symphorien. "Wezi wakubwa, hata haya hawana! Wananywa bia baridi na mutoto wangu iko chini ya udongo!"

Papa Banza alimwambia ashushe sauti, watu wanapita. Kisha naye akatukana, kwa Kiholoholo, polepole, kwa muda mrefu.

Symphorien alichukua mikro ya pili.

Jumamosi alasiri uchungu ulimshika Domitille. Alipanda kilima na dada yake Pascasie, wakibeba vitenge na beseni.

"Mushumaa iko wapi?" Mama Odile aliuliza.

"Hakuna. Bwana yangu atapiga."

Mama Odile alisema sawa, akaenda kuchemsha maji.

Giza lilipoingia umeme wa mji ukakatika. Katika ua wa Komisere taa hazikutetemeka hata kidogo. Jenereta ilinguruma nyuma ya jiko, chupa zilitoka kwenye friji zikitiririka maji. Orchestre ikaanza, na juu ya kilima maternite ikawaka, dirisha kwa dirisha.

"Nani ameweka mwangaza kule?" Komisere aliuliza.

Walimwambia ni besi. Symphorien alisogea kwenye kipaza sauti bila kusimamisha vidole.

"Ni waya ya jenereta ya maternite, Sitwayen Komisere. Jenereta yenyewe iko hapa, nyuma ya jiko yako. Mutoto wangu alikufa sababu ya ile mashini."

Watu walitazama sahani zao. Wengi walikuwa wameshika kamba siku ile. Komisere alifuta povu mdomoni, akafikiri, halafu akacheka kwa furaha ya kweli.

"Kumbe! Kama besi inatoa mwangaza, jenereta ya nini kule?"

Watu wakapiga makofi. Symphorien alitamani kumpasulia gitaa kichwani. Lakini gitaa likivunjika maternite inaingia giza, kwa hiyo akaendelea kupiga.

Wenzake walipokwenda kula, alibaki peke yake, bila wimbo, akirudia nota zilezile. Ngozi ya vidole ilipasuka. Kisha bafle, lile sanduku la spika, ikatoa kilio cha mtoto mchanga, kikubwa kuliko besi yenyewe.

"Musichana," alisema mpiga ngoma, mdomo umejaa samaki. Alikuwa msichana.

Jumatatu ilitoka amri: Symphorien afanye kazi maternite kila jioni, kwa heshima ya Chama. Picha ikapigwa mlangoni pa maternite, Komisere ameshika gitaa kwa shingo kama kuku. Akanunua friji nyingine.

Basi Symphorien alikaa kwenye benchi la korido, akapiga. Alipoacha kupiga ili anywe maji, Mama Odile aliita, "Papa, piga! Kichwa njo kinatoka!" naye akapiga. Orchestre ikapata mtu mwingine, mwenye ile mikro ya Kigoma.

Kisha homa ikamwangusha Symphorien, asiweze kunyanyua hata kijiko. Jioni hiyo mwanamke aliyetoka Kabimba alizaa gizani. Hakuwa na mshumaa. Huko kwao walikuwa wamemwambia Kalemie kuna mwangaza. Mtoto hakulia.

Asubuhi baba wa mtoto, jina lake Célestin, alifika mlangoni kwa Symphorien na kaka zake wawili, wakapiga kelele mpaka majirani wakatoka. Walimwita mwuaji. Walimwuliza ana roho ya namna gani, kulala kitandani na watu wanakufa.

Domitille alitoka, binti yake mgongoni.

"Kutoka kilimani mpaka hapa mulipita njia gani?"

"Ile ya kwa Komisere," alisema Célestin.

"Mukasikia nini nyuma ya jiko?"

"Jenereta."

"Mukafanya nini?"

Célestin hakuelewa swali. Alijibu kwamba Komisere alikuwa barazani, nao walivua kofia, wakamwamkia.

Symphorien alikuja mlangoni akishikilia ukuta, akawaomba msamaha. Jioni wale kaka wawili walimpandisha kilimani kwa machela, gitaa kifuani, na mmoja wao akamwambia asithubutu tena kuugua.