Biri Nyepesi za Mzee Seleman

Nusaiba alikuwa na jambo moja la kujivunia katika msiba ule, na alikwisha lisimulia mara nne kabla sufuria la wali halijateremshwa: baba yake, Mzee Seleman, alikufa akiwa ameacha kiko. Tena amemwachisha yeye, wala si mwingine. Wanawake waliokaa naye mkekani walimwitikia, "Mungu akulipe," kisha wakatazama pembeni. Nusaiba aliliona hilo akadhani ni kijicho, maana watu wa Bungu, kijijini kwao, anawajua.

Kiko hicho mzee alikianza kijana, enzi za kukata boriti za mikoko kule deltani, ambako mtu asiye na moshi huliwa na mbu akaisha. Boriti aliziacha, kiko hakukiacha. Mwaka juzi kifua kilipoanza kumbana, daktari alimwambia wazi kwamba tumbaku basi, ya namna yoyote. Siku hiyo hiyo mkewe Mwanaharusi, mama wa kambo wa Nusaiba, alimpigia binti simu akampa habari.

Nusaiba alisimamia usafi wa vyumba katika kambi moja ya watalii upande wa Ngarambe. Nyumbani alikuja kwa Idd, na Idd nyingine asije. Hela alituma kwa simu, na akishatuma alijiona kama amefika.

Alimjua baba yake, au ndivyo alivyojiambia. Jinsi mzee alivyoking'ang'ania kiko miaka yote kulimpa uhakika kwamba hataacha kamwe, kwa hiyo hakupiga simu kuuliza. Alikwenda kwa Zefania, muuza vinywaji wa kambi, aliyekuwa na kasha la biri, yale masigara manene ya kahawia ambayo wageni huyavuta baada ya chakula. Zefania alimpa darasa zima. Iliyokoza rangi ni kali, yenye rangi ya chai ya maziwa ni nyepesi. Ibonyeze kidogo, isiwe kavu ikakatika wala isilegee. Moshi wake haushushwi kifuani, unauweka mdomoni kisha unautoa. Kiko, alisema Zefania, ni sawa na jiko la mkaa: ukishakiwasha asubuhi unakichochea mpaka jioni na hujui umevuta kiasi gani. Biri ikiisha imekwisha.

Maneno hayo yalimwingia Nusaiba. Zilipita wiki tatu kabla hajapata ruhusa, na siku ya kuondoka alichagua biri kumi na mbili, zile nyepesi kabisa, akizinusa moja moja kama anayechagua udi wa harusi. Akapanda bodaboda, kisha basi.

Alimkuta mzee barazani, mikono mitupu, kiko kimetundikwa ukutani. Akajua moja kwa moja kwamba kimetundikwa kwa kuwa yeye amekuja. Hakumpa mzee nafasi ya kusema. Alimwambia atoe kiko achukue biri, mbili kwa wiki na si zaidi, asishushe moshi, na kwamba atakuwa anamletea mwenyewe kila mwezi, akae naye amwone anavyovuta.

"Kila mwezi?" mzee aliuliza. "Wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe, baba."

Mzee alimtazama sana. Halafu akanyanyuka, akakitungua kiko, akampa. Nusaiba alilia kwa furaha, akaenda kukitumbukiza chooni.

Na ahadi aliitimiza, lazima tumpe haki yake. Kila mwezi alikuja na biri zake, akawasha kiberiti mwenyewe, wakakaa baba na mwana mchana kutwa. Mzee alilalamika kwamba biri ni mchuzi wa mgonjwa, haina chumvi. Kiko hukaa na mtu kimya kimya, lakini biri inataka mtu atazamwe akivuta. Kwa kuwa haina ukali aliivuta mpaka ndani ya mbavu, Nusaiba akamgombeza, wakacheka. Mzee akamsimulia bintiye habari za mama yake marehemu ambazo katika miaka thelathini hakuwahi kuzitamka. Nusaiba alirudi kazini akiwa mwepesi kama mtoto. Kikohozi cha mzee kilipozidi, alitafuta biri nyepesi zaidi.

Sasa mzee amekufa, na siku ya tatu hitima ilipokwisha akaingia Mfaume, mtani wa ukoo wao. Mtani hanuniwi, hilo kila mtu analijua. Huvaa nguo za marehemu, humwiga mwendo na sauti, husema asemalo, na mfiwa hucheka hata machozi hayajakauka. Asipocheka, msiba haujaisha. Mfaume alikuja na koti la mzee na kofia yake, akakaa kwenye kiti chake cha kamba, mikono ikimcheza kwa kukosa cha kushika.

"Siku ishirini na moja sijagusa tumbaku," alisema kwa sauti ya mzee ile ile. "Hata chumvi kwenye mchuzi nimeanza kuisikia."

Watu wakacheka. Kisha Mfaume akatega sikio barabarani, akaruka kitini, akawa anajipapasa mifukoni. "Pikipiki hiyo. Nusaiba huyo. Mke wangu, lete ile takataka ya biri aniwashie." Akavuta hewa, akakohoa mpaka akashika magoti, akautazama mlango huku akitabasamu. "Tamu, mwanangu. Nyepesi. Na mwezi ujao utakuja?"

Wanaume walicheka. Mkekani hakucheka mtu.

"Siku ishirini na moja za nini?" Nusaiba aliuliza.

Mfaume alikwisha jua amepita mpaka. Akainama. Aliyejibu ni Mwanaharusi, taratibu, huku akikunja na kukunjua pembe ya khanga yake.

"Za kuacha. Alipotoka kwa daktari alikitundika kiko mwenyewe, na alikuwa hakigusi. Ulipokuja na biri ana wiki ya tatu."

"Mama mdogo, mbona hukuniambia?"

"Alinikataza. Alisema, 'Nikimwambia nimeacha, ataniletea nini? Atarudi kutuma kwa simu.' Mwanzo alikuwa akivuta siku ukija tu, akizibakiza zingine. Baadaye mwili ukakumbuka. Zako zikiisha, anaagiza dukani."

Nusaiba alitaka kumchukia Mfaume, akashindwa. Akataka kumchukia mama yake wa kambo, akashindwa vilevile. Angekuja mikono mitupu mzee angemlaki hivyo hivyo. Yeye ndiye aliyeona aibu kuja mikono mitupu, na hakuwahi kumuuliza baba yake swali moja dogo.

"Lakini zilikuwa nyepesi," alisema.

"Zilikuwa nyepesi," alijibu Mwanaharusi. "Sasa mpe mtani haki yake, avue nguo za watu."

Haki ya mtani ni kuku, na hutolewa na mtoto wa marehemu kwa mkono wake. Mfaume alibaki kitini ndani ya koti, hana ruhusa ya kulivua wala uso wa kuidai. Nusaiba akainuka mkekani, akafunga khanga kiunoni, akaenda bandani kukamata kuku.