Ubatizo wa Mzee Kipchirchir

Kabla ya ugonjwa wa koo kumshika Mzee Kipchirchir, hapakuwa na mtu pande zile za Chepilat aliyethubutu kusimama mbele yake akamtajia Yesu. Alikuwa mchuuzi wa ng'ombe, mtu wa mnada na pombe ya busaa, mwenye sauti ya kuita mbwa akiwa kilima cha pili. Alikuwa na wake wawili. Mke mkubwa, Tecla, alikaa upande wa juu wa boma na wanawe. Habari za kanisa hakuwa nazo, wala ubaya na mtu hakuwa nao. Mke wa pili, Chepkurui, alikaa upande wa chini, karibu na majani chai aliyoyapanda kwa mikono yake, yeye na binti yake wa pekee, Nelvine. Huyo Chepkurui ndiye aliyekuwa ameokoka.

Aliokoka katika mkutano wa uwanjani, enzi hizo Nelvine bado anabebwa mgongoni. Kilichompata siku hiyo hakuweza kumweleza mtu akaelewa. Alikuwa ameozwa kwa mtu aliyemzidi umri sana, akazaa msichana mmoja, tumbo likafunga, na katika boma lile akawa mtu wa kukumbukwa tu wageni wakija na chai ikihitajika. Mhubiri alisema kwamba Yesu anamjua kila mtu kwa jina lake. Chepkurui alirudi nyumbani akilitaja jina lake mwenyewe njia nzima, kana kwamba ni jipya. Tangu hapo alizungumza na Yesu jikoni akisonga ugali, akazungumza naye shambani akichuma majani, kwa sauti ya chini, kama unavyozungumza na ndugu yako aliyekuja kukuona.

Mumewe alimpiga kwa ajili hiyo. Alimfungia nje mvua ikinyesha. Mara moja aliitupa Biblia yake zizini, na Chepkurui akaiokota, akaipangusa mavi ukurasa kwa ukurasa, akaendelea kuisoma na harufu yake. Na kila alipopiga magoti, ombi la kwanza lilikuwa lile lile: Bwana, mwokoe Kipchirchir.

Basi ugonjwa ukaja. Ulianza na nyama kumkwama, ikafuata ugali, mwisho hata mursik, yale maziwa ya kugandishwa kibuyuni, ikawa inarudi. Hospitali ya misheni walimtia mpira kooni ili uji upite, wakamwambia Tecla kando kwamba wampeleke nyumbani, wamtunze vizuri. Kule pande zetu kila mtu anajua maana ya maneno hayo. Yule mtu mkubwa akapungua mpaka koti lake likawa kama limetundikwa kwenye mti.

Wake zake walimtunza kwa zamu, wala hawakugombana. Ilikuwa zamu ya Chepkurui, asubuhi, anamnywesha uji kwa kijiko, mzee aliposema kwa ile sauti yake iliyobaki kama mkwaruzo:

"Huyo Yesu wako. Anaweza kumchukua mtu kama mimi?"

Chepkurui aliweka bakuli chini. Akamsimulia habari za mwizi aliyetundikwa kando ya Yesu, jinsi alivyoiba maisha yake yote, na jinsi alivyopokelewa siku ile ile bila kulipa chochote. Mzee alitaka arudie. Akarudia. Kufikia saa ya kukama ng'ombe, Kipchirchir alikuwa ameungama dhambi zake, akilia kwa taabu, maana hata kulia kunataka koo. Chepkurui alitoka nje, akasimama katikati ya majani chai yake, akashukuru mpaka miguu ikachoka. Hakuwahi kuwa na furaha kama ya siku ile. Na hakuwahi kuipata tena.

Mzee alitaka kubatizwa kabla hajafa. Mchungaji Jonah akaja na wazee wa kanisa, wakaketi nyumbani kwa Tecla, Chepkurui akawapikia chai. Jonah hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amezika watu wengi wa ugonjwa huo wa koo, na pale alipoketi alizungusha kofia yake magotini kama mtu asiyetaka kuanza. Lakini alianza. Alisema kwamba kanisa lina sheria yake, na sheria hiyo hakuitunga yeye. Mwanamume haingii katika maji ya ubatizo na wake wawili. Atabaki na wa kwanza, na yule wa pili atamwachilia mbele ya mashahidi, kisha mwanamke huyo atoke bomani, watu wasije wakasema ni mchezo.

Hakuna aliyegusa chai. Aliyesema kwanza alikuwa Tecla.

"Mimi sijaokoka, Mchungaji. Huyu ndiye aliyemletea mzee neno la Mungu. Itakuwaje mimi nibaki na yeye aende?"

Jonah alijibu kwamba mbele za Mungu mke ni yule wa kwanza, ameokoka asiokoke. Akamgeukia Chepkurui, akamwambia kwa upole kwamba hata kwake yeye hili lina baraka ndani yake; miaka yote kanisa lilimnyima ubatizo na meza ya Bwana kwa kuwa ni mke wa pili, na sasa njia itakuwa wazi.

Chepkurui alisema, "Yule mwizi msalabani hakuulizwa ana wake wangapi."

"Mwizi hakupata nafasi ya kutengeneza mambo yake," Jonah akasema. "Mzee anayo nafasi. Akiikataa akafa, mama, hilo litakuwa juu ya nani?"

Chepkurui aligeuka. Alimtazama mumewe. Alingoja mzee aseme neno moja tu, la kumkataza mchungaji, kama alivyokataza watu mambo maisha yake yote. Kipchirchir alikuwa anatazama sakafu.

"Naogopa, Chepkurui," akasema. "Niachie nibatizwe."

Aliondoka wiki ile ile, na godoro, vibuyu vyake na Nelvine, kwenda kwa kaka yake Kipyegon kule Kipkelion. Kipyegon alimpokea, mke wa Kipyegon alimwonyesha kijumba cha kuku kilichokuwa kimefagiliwa. Habari ya ubatizo aliisikia kwa wengine: kwamba mzee alibatizwa ameketi kitini, akamiminiwa maji kutoka kwa jagi, na watu wakaimba. Wimbo wenyewe ndio ule aliozoea kuuanzisha yeye.

Mvua kubwa ya El Nino ilikuwa imeanza, barabara zimekatika, Tecla alipotuma mtu aje amwite. Mtu huyo alisema kwamba mzee anamtaja, na kwamba Tecla amesema aje tu, wazee wa kanisa wakiuliza, yeye Tecla atajua la kuwajibu. Chepkurui alifika amelowa hadi nywele. Tecla akampa leso kavu, akatoka, akawaachia nyumba.

Kipchirchir alimshika kifundo cha mkono. Alichukua muda kuyakusanya maneno.

"Atanikubali," akasema, "na wewe nimekufukuza?"

Chepkurui aliinama karibu naye. Alikuwa na jibu la kumpa, nalo lilikuwa chungu, na alijua kwamba akilitoa litamkaa mzee kifuani mpaka kaburini. Alikumbuka fimbo na baridi ya kule nje, lakini hayo hayakumuuma kama yale macho yaliyotazama sakafu. Mvua ilipiga mabati. Akamwomba Yesu amwambie la kusema, na kwa mara ya kwanza tangu ule mkutano wa uwanjani hakusikia chochote, hata ule utulivu aliouzoea.

"Atakukubali," akamwambia mwishowe.

Hata baadaye hakuweza kujua kama alisema hivyo kwa imani au kwa huruma tu. Mzee alilegeza mkono. Alikufa kabla ya jua la kesho yake kutoka.

Kwenye mazishi Chepkurui aliketi na majirani, chini ya turubai lililovuja. Historia ya marehemu ilisomwa na Jonah. Alisema marehemu alikuwa mume wa mke mmoja, Tecla, na baba wa watoto wao. Akawasoma mmoja mmoja, na mwisho wa wote akamsoma Nelvine. Nelvine alikuwa amesimama karibu na mama yake aliposikia anafanywa mtoto wa mwanamke mwingine. Alimtazama mama yake, akangoja. Chepkurui aliinamisha kichwa. Wakati wa kutia udongo, Tecla alivuka matope, akamshika mkono, akampeleka hadi kaburini, wakamwaga udongo pamoja, na wazee wa kanisa wakatazama upande mwingine.

Lakini huruma ya Tecla iliishia pale, maana alikuwa na wana wa kurithi. Mwezi haukuisha kabla ya Nicholas, kifungua mimba wake, kuyachukua majani chai ya upande wa chini. Alisema hapana tena nyumba ya pili. Iliachwa mbele ya mchungaji na mashahidi. Chepkurui alimwendea Jonah amsemee. Jonah alisikitika kweli, macho yakamlenga machozi, akasema mambo ya mashamba si ya kanisa. Akamkumbusha darasa la ubatizo. Chepkurui alisema atafikiria, akarudi Kipkelion.

Huko alianza kuchuma majani katika mashamba ya watu. Nelvine aliacha shule, wakawa wanachuma pamoja. Siku moja, jua limewaka baada ya mvua ndefu, Nelvine alimsikia mama yake akinong'ona kati ya mistari ya chai, akasimama na kikapu mgongoni.

"Bado unamwomba?"

"Namwomba."

"Baada ya yote waliyokutenda kwa jina lake?"

Chepkurui alirusha majani kikapuni. "Siku ile ya kikao niliwapikia chai mimi mwenyewe," akasema. "Niliwaona wote walioketi. Yesu sikumwona."

"Na mzee alipokuwa anakufa? Ulimwona?"

Mama yake alihamia mstari mwingine. Walichuma mpaka kituo cha kupimia majani kikafunguliwa, wakapeleka vikapu, wakarudi. Jumapili iliyofuata Chepkurui alivaa, akachukua Biblia yake, akaenda kutafuta kanisa ambako hakuna aliyemjua. Alimwita Nelvine mara moja tu mlangoni. Nelvine alikuwa anaosha sufuria, wala hakugeuka.